Barua Yenye Wasomaji Wawili

Je, mtu anaweza kununua, kwa niaba ya wenzake, ruhusa ya kufungua barua zao? Nauliza kwa sababu kwa wiki tatu nimefanya kazi ambayo kwa nje haina maadili hata chembe: nimelinganisha mageti. Si ya chuma. Ni yale ambayo kampuni hufunga kwenye mtandao wa ofisi ili kila ukurasa anaoufungua mfanyakazi upite hapo kwanza, ukaguliwe, kisha uruhusiwe au uzuiwe. Wauzaji wana majina marefu ya kitu hiki. Mimi naliita geti kwa sababu ndivyo tulivyoliita kule ofisini, na kwa sababu neno geti linakuja na mlinzi wake, kiti cha plastiki, na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Daftari hilo likumbuke, nitalirudia.

Ofisi yenyewe iko Muze, wilaya ya Sumbawanga. Kwa asiyepajua: unatoka Sumbawanga mjini, kwenye baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, unashuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na kabla hujafika chini umeshavua koti. Kule bondeni ni joto, mpunga, ufuta, na Ziwa Rukwa kwa mbele. Ofisi ina watu tisa. Ni tawi la shirika linalowahudumia wakulima, ambalo sitalitaja jina, na makao makuu yake yako mbali. Huko ndiko ilikoamuliwa kwamba matawi yote yawekewe geti. Mimi nikaletewa ofa za wauzaji na jedwali tupu la kujaza. Safu za jedwali zilikuwa bei, kasi, idadi ya vitisho vinavyozuiwa, na urahisi wa kusimamia. Hapakuwa na safu ya watu tisa.

Kwanza nilitendee haki geti, maana ni rahisi mno kwa mtu wa vitabu kulidharau. Mhasibu wa Muze, msimu wa mavuno, hushika malipo ya wakulima wengi kwa siku chache. Barua pepe moja yenye kiambatisho kinachojifanya ankara inatosha kumpa mwizi funguo za kompyuta hiyo, na anayelia mwishoni si shirika. Ni mama aliyeleta gunia zake za ufuta na kuambiwa njoo kesho. Wizi huu si hadithi za Ulaya. Ripoti za robo mwaka za TCRA za miaka ya 2023 na 2024 ziliutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa vinara wa namba za simu zilizofungiwa kwa majaribio ya ulaghai. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ambayo kila Mtanzania mwenye laini ameshaipata, sehemu yake tumeandikiwa sisi.

Na hapo ndipo jambo lilipoanza kuninyima usingizi. Waraka ulioleta habari za geti ulikuwa na maneno "kutokana na hali ya mkoa husika". Maneno sita tu kati ya kurasa tatu, lakini ndiyo waliyoyaona wote. Karani mmoja akaniuliza, "Mtaalamu, yaani sisi tunakaguliwa kwa sababu ya laini za watu?" Nilimjibu kwamba matawi yote yanakaguliwa. Ni kweli, ila haikuwa jibu la alichouliza. Alikuwa anauliza geti linamtazama nani: mwizi aliye nje, au yeye.

Sasa nieleze mageti yenyewe, kwa sababu jibu la karani limo ndani ya ufundi, wala huwezi kulipata kwa kukaa na kuwaza tu.

Geti la kwanza ni Cisco Umbrella, kwenye kifurushi chake cha chini. Lilizaliwa mwaka 2006 kwa jina la OpenDNS, Cisco wakalinunua mwaka 2015. Linafanya kazi kama kitabu cha simu. Kompyuta haijui tovuti iko wapi mpaka iulize anwani. Geti hili ndilo linaloulizwa, na likiona jina lililoulizwa ni la wezi, linakataa kujibu. Basi. Linaona jina lililoandikwa juu ya bahasha, barua haioni. Ofisi ndogo yenye intaneti ya kusuasua italipenda, kwa sababu ni jepesi na huhitaji kununua kifaa chochote. Udhaifu wake uko wazi pia: mwizi akihifadhi faili lake bovu kwenye tovuti ambayo kila mtu anaitumia na kuiamini, jina litapita, na faili litapita pamoja nalo.

Geti la pili ni kifaa cha Fortinet, kile cha FortiGate, kinachokaa kabatini pale pale ofisini. La tatu ni Zscaler, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo haikulazimu kununua kifaa: mawasiliano yote ya ofisi yanaelekezwa kwenye vituo vyao, yanakaguliwa huko, yanarudi. Unalipa kwa kichwa, kwa mwaka, kwa dola. Haya mawili yanaweza kufanya kile ambacho kitabu cha simu hakiwezi, yaani kufungua bahasha.

Ufunguaji huo nataka niueleze taratibu, kwa sababu karibu kila aliye ofisini anaishi nao na ni wachache walioelezwa. Siku hizi sehemu kubwa ya wavuti husafiri imefungwa. Ukiingia benki yako, kivinjari na benki hupeana siri ambayo aliye katikati haijui, na kialama cha kufuli kikitokea pembeni ya anwani maana yake ni kwamba mnaongea wawili tu, na uliyemfikia ndiye uliyemwita. Geti linapotaka kusoma, halivunji kufuli. Linafanya ujanja zaidi. Fundi kwanza huweka cheti cha geti kwenye kila kompyuta ya ofisi, ili kompyuta zimwamini geti kama zinavyoiamini serikali ya mihuri. Baada ya hapo, ukiiita benki, geti ndilo linalopokea simu na kusema "mimi ndiye benki", huku likiwa limeipigia benki yenyewe kwa upande wa pili. Linafungua bahasha, linasoma, linaitia barua kwenye bahasha mpya, linaigonga mhuri wake, linakukabidhi. Na kufuli? Kufuli linaendelea kuonekana.

Hapo ndipo ninapoliona kosa, kama lipo. Wengi wanaopinga mageti haya husema tatizo ni kusoma. Mimi nadhani kusoma kunaweza kuwa na sababu njema. Daktari naye hufunua. Tatizo ni kuifunga bahasha tena ionekane haijafunguliwa. Alama iliyobuniwa kumwambia mtu "uko peke yako na uliyemwita" inaachwa iendelee kusema hivyo wakati si kweli, na aliyeamua iseme hivyo ni mwajiri wake. Geti halijatamka neno la uongo. Limeacha alama ya kweli iseme uongo kwa niaba yake, na sijui kama huo ni unafuu.

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Mwalimu wa zamu alikuwa anafungua barua zetu kabla hatujaitwa mstarini. Alikuwa anasema ni kwa usalama wetu, na nadhani hakuwa anadanganya: kulikuwa na wasichana wanaorubuniwa na watu wazima, kulikuwa na pesa zinazotumwa na kupotea. Lakini bahasha ilikuja imechanwa. Mchano ule ulikuwa heshima ya aina yake. Tuliujua, na kwa kuujua tukajifunza kuandika upya: kila barua ikawa na wasomaji wawili, mmoja tuliyemwandikia na mmoja tuliyemwandikia bila kumtaja. Tulikuwa na mafumbo, "shangazi" asiye shangazi, mvua isiyo mvua. Fasihi nzima ya bweni ilitokana na bahasha iliyochanwa! Sasa fikiria mwalimu angekuwa na gundi nzuri. Tungeandika wazi, na tungesomwa wazi.

Ninyi mnaosoma blogu hii mnazijua barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa kati ya mwaka 1931 na 1958 na kuja kuchapishwa kitabu. Kwa miaka mingi ya mwanzo mwandishi wake alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni. Kazi yake mchana ilikuwa geti hasa: shehena inashuka, inafunguliwa, inahesabiwa, inagongwa mhuri. Halafu mtu huyohuyo anakaa na kumwandikia ndugu yake habari za nyumbani, za fedha, za watoto. Sioni kama kuna mgongano. Forodha inamfungulia mfanyabiashara sanduku mbele ya macho yake, na mfanyabiashara alijua tangu alipopakia kwamba litafunguliwa. Barua ya ndugu ni mzigo wa aina nyingine. Kitabu tunacho leo kwa sababu aliyezipokea alizitunza hata zikatufikia, na nakiri nikikisoma huwa najiona nimesimama nyuma ya bega la mtu. Angalau bega lenyewe linajua kwamba kitabu kimechapishwa.

Kuna geti la nne ambalo halikuwa kwenye ofa, kwa sababu halina muuzaji: Squid, programu huria iliyopo tangu miaka ya 1990, ambayo shule na ofisi nyingi maskini duniani zimeitumia. Nilikwenda kuisoma kwa ajili ya bei na nikabaki kwa ajili ya lugha. Sehemu yake ya kufungua bahasha ina amri tano, na ukizitafsiri neno kwa neno unapata: chungulia, kodoa macho, unganisha, gonga, kata. Mafundi hawa hawakuona haya. Kuchungulia ni kutazama bahasha kwa nje ili ujue inakwenda wapi. Kuunganisha ni kuiachia ipite bila kuifungua. Kugonga ndiko kufungua kwenyewe. Na kwenye maelezo ya sehemu hiyo wameweka onyo kwamba usimbaji uliwekwa ili watu wawe na matumaini ya faragha, na kwamba kuufungua bila wao kujua au kuridhia kunaweza kukiuka maadili na pengine sheria ya nchi yako. Nimesoma vipeperushi vingi vya mageti ya dola. Onyo la namna hiyo nimelikuta kwenye la bure.

Nisiwaonee wauzaji, hata hivyo. FortiGate inakuja na mpangilio wake wa kufungua bahasha ambao, kabla hujagusa kitu, unaziruka tovuti za fedha na benki na za afya. Mtu fulani aliketi California akaamua kwamba benki yako na ugonjwa wako visisomwe hata kama mwajiri hakufikiria jambo hilo. Ni uamuzi wa kimaadili uliofungwa ndani ya kifaa kama mbegu, na nadhani ni uamuzi mwema. Ila ukishaona kwamba maadili yanaweza kuja yamefungashwa, unaanza kuuliza yapi mengine yamo humo.

Nikafungua orodha ya mafungu. Kila geti lina orodha kama hiyo: tovuti zote za dunia zimegawanywa, michezo huku, habari kule, kamari pale, ili mwenye ofisi aseme fungu hili ruksa, lile marufuku. Kwenye orodha ya Fortinet, elimu ya jinsia imewekwa kwenye kundi la mambo ya watu wazima, jirani na ponografia na kamari. Mashirika ya utetezi yamo humohumo. Imani mbadala nazo humohumo, wakati "dini za ulimwengu" zina makao yao ya heshima kwingine. Ngano na mapokeo ya kale zina fungu lake. Kuna hata fungu la maudhui yasiyo na maana, na ningelipa pesa yangu kumwona mtu anayekaa kuamua. Kutafuta kazi ni fungu pia, na halimo kwenye yale yanayorukwa. Maana yake daftari la geti likiwekwa sawasawa linaweza kumwambia meneja, kabla ya barua ya kuacha kazi, nani ameshachoka.

Na kuna fungu la tovuti ambazo bado hazijapangwa. Wasimamizi wengi hulifunga lote kwa tahadhari: tusichokijua tusikiruhusu. Msomaji, fikiria ni kurasa za lugha gani zinazokaa humo muda mrefu. Blogu ya Kiingereza yenye wasomaji milioni itapangwa haraka. Blogu ya tahakiki ya Kiswahili yenye wasomaji mia nne itasubiri, na mtu wa Muze atakayetaka kuisoma wakati wa chakula cha mchana atakuta ukurasa mwekundu unaomwambia kwamba ni hatari.

Hapa wenzangu wa ofisini walinipa hoja ambayo nimeisikia mara nyingi: mtandao ni mali ya shirika, anayetaka siri atumie simu yake. Ina uzito mjini. Kule bondeni ni nyepesi zaidi. Simu inataka bando, na bando ni pesa. Waifai ya ofisi ndiyo iliyo bure na ndiyo yenye nguvu. Pale ndipo watu wanapofungulia matokeo ya NECTA ya watoto wao, wanapojaza fomu za mikopo ya chuo, wanapotafuta maana ya majibu ya hospitali ambayo wameona aibu kuuliza tena. Tena "mali ya shirika" haimalizi jambo. Nyumba ya mwalimu ni mali ya serikali, lakini mwalimu mkuu habishi hodi na kuingia hadi chumbani. Kuna kutoa kitu na kubaki mwenye nacho, huku umekubali kwamba ndani yake mtu anaishi.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imeshalipitia hili. Bogdan Bărbulescu, Mromania, alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri wake kusoma mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, yakiwemo aliyoongea na kaka yake na mchumba wake. Kanuni za kampuni zilikataza mambo binafsi kwenye vifaa vya kazi, na yeye alizijua. Januari 2016 mahakama ilimwambia mwajiri hakukosea. Kesi ikapanda kwenye baraza kuu la mahakama hiyohiyo, na tarehe 5 Septemba 2017 majaji 11 dhidi ya 6 wakageuza uamuzi. Walichokazia ni kwamba kumkataza mtu jambo si sawa na kumwambia utasoma barua zake: je, aliarifiwa mapema? Ufuatiliaji ulifika wapi, mtiririko tu au maneno yenyewe? Palikuwa na njia nyepesi zaidi? Majaji hawakuwapokonya waajiri haki ya kulinda ofisi zao. Waliwataka waulize maswali ambayo jedwali langu halikuwa nayo.

Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa lengo gani, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Nilipoitaja kwenye kikao cha simu, nikajibiwa kwamba wafanyakazi watasaini fomu ya kuridhia. Sawa. Lakini kazi nyingine ya mshahara ikiwa iko juu ya mteremko ule, na fomu imekuja pamoja na mkataba, saini ya namna hiyo inathibitisha kwamba mtu ana kalamu.

Aliyenitikisa zaidi ni mlinzi wa usiku, ambaye kompyuta haigusi. Alisikia tunajadili akaniuliza, "Mkuu, hilo geti ni la serikali?" Nikacheka, nikamwambia hapana. Baadaye nikaona hakuuliza kijinga. Mtu aliyeishi na tangazo la TCRA la Oktoba 2023 la kutaka wanaotumia VPN wajitambulishe, akaona X haifunguki kuanzia Mei 2025, hana sababu ya kutenganisha geti dogo na geti kubwa. Na historia ya bidhaa hizi haimpingi. Kampuni ya Blue Coat, iliyoanza mwaka 1996 kwa jina la CacheFlow, ilikuwa ikiuzia ofisi mageti ya aina hii hasa. Mwaka 2011 kikundi cha wanaharakati cha Telecomix kilianika madaftari ya vifaa vyake vilivyokuwa vikifanya kazi Syria, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo vya Marekani. Kampuni ikakiri kuwa ni vyake. Ilidhani vinakwenda Iraq. Msambazaji wa Dubai aliyevipitisha alitozwa faini ya dola milioni 2.8 mwaka 2013. Kifaa cha kuzuia kamari ofisini na kifaa cha kumtafuta anayeisema serikali vilitoka kiwanda kimoja. Kilichobadilika ni mpangilio, na msomaji wa daftari.

Daftari, basi. Kwenye jedwali la wauzaji daftari refu ni sifa: huyu anatunza miezi sita, yule mwaka mzima. Nilianza kulisoma kinyume. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi njia ya kudai taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Daftari lililopo linaweza kudaiwa, kuibwa, au kusomwa na kijana wa kompyuta aliyeachwa na mpenzi wake. Ambalo halikuandikwa halina pa kutokea. Na kwa wanaodhani kufungua bahasha angalau kunaongeza usalama: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na wasomi wa vyuo vya Marekani pamoja na wenzao wa Google, Mozilla na Cloudflare ulikuta kwamba vifaa vingi vya kufungua bahasha vilikuwa vinazifunga tena vibaya kuliko vilivyozikuta. Wezi wakapewa mlango na mlinzi mwenyewe.

Nilichopendekeza ni hiki. Watu wote wa Muze wapite kwenye geti la kitabu cha simu. Kompyuta moja, ile ya malipo, iwe na geti la kufungua bahasha, isitumike kwa jambo jingine lolote, na iandikwe kwenye kioo chake kwamba hapa panasomwa. Daftari siku kumi na nne, kisha lijifute. Fungu la tovuti zisizopangwa liachwe wazi kwa wengine, lifungwe kwenye kompyuta ya malipo. Ni pendekezo la bei nafuu, kwa hiyo lilipokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Sijidanganyi kwamba ni hoja zangu.

Sharti langu jingine lilikuwa karatasi ukutani, kwa Kiswahili, pale mtu anapoketi. Wazo hilo sikulitoa kwenye kesi ya Mromania. Jina Sumbawanga wengi wetu hulitafsiri "tupa uchawi". Najua limeleta utani mwingi, wa uchawi na wa radi, na tumeshauchoka. Lakini lisikilize kama geti. Mgeni anafika, na mahali penyewe panamwambia kinachokatazwa kabla hajaingia: ulicho nacho kibaya, kitupe mwenyewe, hapo nje. Hajapekuliwa. Ameambiwa. Kati ya mageti yote niliyoyalinganisha, hakuna lililokuja na kitu hicho kwenye boksi. Unaweza kuliwasha lolote kati yake bila kumwambia mtu, na litafanya kazi vilevile, pengine vizuri zaidi.

Karatasi ina mistari minne. Wa kwanza unasema kinachoonekana: jina la tovuti, si yaliyomo, isipokuwa kompyuta ya malipo. Wa pili unasema mafungu yaliyofungwa. Hapo nimehangaika na "imani mbadala", kwa sababu kila tafsiri niliyojaribu ilimfanya mtu wa Muze aulize mbadala wa nini, mwishowe nikaliondoa kwenye yaliyofungwa ili nisilazimike kulieleza. Wa tatu ni zile siku kumi na nne. Wa nne unasema nani anayesoma daftari. Niliacha nafasi ya jina na namba ya simu, na wale tisa ndio mstari walioujadili kuliko yote. Mhasibu alisema mlinzi wa geti la nje wanamjua kwa jina, wanamsalimia, wanajua hata watoto wake wanasoma wapi, basi na huyu wamjue.

Makao makuu wamejibu kwamba kazi hiyo ni ya idara, haina jina la mtu. Mistari mitatu wameipitisha. Karatasi nimewarudishia jana, mstari wa nne ukiwa na vidoti vyake.